Damu ya Ikulu

Mtaani kwetu hakuna anayeijua Ikulu Kuu ya Bangkok kunishinda mimi. Miaka arobaini nimeuza mashada ya maua mbele ya lango lake. Ndani ndiko nilikuwa sijawahi kuingia.

Aliyenipeleka ni Mzee Bunchuai, mgane wa jirani, aliyekuwa akiniposa tangu mvua zianze. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: eti ana damu ya ikulu. Nikamwambia, "Nipeleke nikaone, jibu nitakupa hukohuko."

Tukaenda, yeye na shati lililopigwa pasi hadi linakata. Kila kizingiti tulikiruka kwa adabu bila kukikanyaga, na kila tukiruka ananinong'oneza, "Bi Lamduan, ukoo huo unakusubiri!" Kusema kweli, nilianza kulainika.

Tulipofika kwenye ukuta wa ua wa ndani, walikokaa wake na mabinti wa mfalme, akapaza sauti wote wasikie: "Babu yangu alilala humo miaka thelathini, akilinda mlango!"

Binti aliyekuwa akituongoza akatabasamu. "Babu, humo waliishi wanawake watupu. Hata walinzi walikuwa wanawake."

Watu wakageuka kumtazama. Nami nikamgeukia.

"Haya, mposaji wangu, niambie basi. Huyo babu yako alikuwa binti wa nani?"

Mzee Bunchuai akainama ghafla. "Ngoja kidogo, bibie, nifunge kamba za viatu."

Alikuwa amevaa makubazi.