Waliomuua Bawabu

Bawabu alikufa kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Binti Moshi alifika langoni, akachomoa upanga, jitu likanguruma mara mbili, damu ikaruka, na muziki wa ushindi ukaanza hata mwili haujatua chini. Watu wakapiga makofi. Nilisimama katikati ya safu nikawaziba wa nyuma, na mtu mmoja akanirushia bisi mgongoni.

"Kaa chini, kaka," alisema Chuma huku akinivuta shati. Chuma ni rafiki yangu, fundi wa kuchomelea mageti, na wazo la kuja kwenye onyesho la kwanza lilikuwa lake.

Sikukaa. Nilitoka nikaenda kumsubiri kwenye ngazi za nje, nikawa natembea kutoka bango hadi bango mpaka mlinzi wa jumba la sinema akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Inabidi nieleze kilichoibwa. *Mnara wa Chumvi* nimekisoma mara ishirini na tatu. Ni kitabu kinene, kina himaya tatu zinazopigana vita, kina bahari iliyokauka, na kuna watu wanakipenda kwa sababu ya vita vyake. Mimi nakipenda kwa sababu ya Bawabu. Ni jitu lililolinda lango la mnara miaka mia tatu, na Binti Moshi anapolifikia, jeshi la adui likiwa nyuma yake, hawapigani. Wanajibizana kwa mashairi mpaka kunakucha. Jitu linauliza kwa ubeti, binti anajibu kwa ubeti, na mwisho binti anauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa na mtu yeyote: wewe unaitwa nani? Bawabu anaweka funguo chini, anafungua lango, anaondoka peku. Baada ya hapo hatajwi tena katika kitabu kizima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipousoma usiku ule wa lango. Nilihesabu mizani kwa vidole, nane na nane, bila kujua kwamba zinaitwa mizani. Sikuwahi kuwa na mwalimu wa ushairi. Kila ubeti niliouandika tangu hapo, ukiwemo ule uliosomwa redioni, niliuandika nikiwa na jitu lile kichwani. Sasa watu wenye kamera na farasi mia mbili walikuwa wamelikata shingo kwa dakika moja na nusu.

Jioni hiyohiyo niliandika waraka mrefu kwenye simu, nikauita "Waliomuua Bawabu", nikautuma kwenye kundi la wasomaji wa maktaba yetu. Maneno niliyotumia siyarudii hapa. Ulisambaa haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na hilo, sitasema uongo, lilinipendeza.

Kisha yakaanza majibu. Mmoja alisema hakumbuki mashairi yoyote langoni. Wa pili akasema vivyo hivyo. Wengi walikuwa wamesoma chapa mpya, ile yenye picha ya mwigizaji kwenye jalada, iliyoletwa kwa kishindo cha filamu. Nikawajibu kwamba wanasoma kwa kurukaruka kama panzi halafu wanajiita wasomaji. Hapo akaingia Profesa. Profesa ni fundi simu, na jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi akiwa kibandani kwake. Alisema Jumapili saa tisa alasiri mkutubi ameandaa mazungumzo juu ya kitabu na filamu. Basi mheshimiwa mshairi alete hizo kurasa tuzione kwa macho.

Niliandika: nitazileta. Nisipozileta, mniite mwongo mbele ya watu wote.

Nakala yangu ilikuwa kwa shangazi. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana ya kujalidi vitabu ambayo nafanya kazi mpaka leo. Ni chumba chembamba chenye meza moja ndefu, mashine ya kubana yenye gurudumu la chuma, na harufu ya gundi ambayo hata mvua haiiondoi. Jumamosi asubuhi nilimwamkia, nikamwambia nakitaka *Mnara wa Chumvi*. Akasema hajui kilipo.

Mwanamke huyu hujua kila sindano ilipo kwenye chumba kile. Nikaanza kutafuta mwenyewe. Nilipanda kwenye kiti, nikashusha majalada ya wateja, nikafungua makabati, huku yeye akiendelea kushona kitabu cha mtu bila kuinua macho. Nilimsimulia habari ya Jumapili, ya Profesa, ya waraka. Uzi ukamkatikia. Uzi haumkatikii shangazi.

"Usiende huko kesho," alisema. "Waambie unaumwa."

Nikamwuliza tangu lini ananifundisha uongo. Akaweka sindano mezani, akaniambia nishuke kwenye kiti.

Kuna jambo la kazi yetu ambalo lazima lijulikane. Kitabu hushonwa kwa mikunjo, na mkunjo mmoja una kurasa kumi na sita. Mteja akileta kitabu ambacho mkunjo wake umechomoka na kupotea, tunaazima nakala nyingine maktaba, tunazinakili kurasa zile kwa taipureta, na kuzishona mahali pake. Nimechapa mikunjo ya namna hiyo mimi mwenyewe, vitabu vya sheria, vya dini, vya mapishi. Kwa hiyo sikuwahi kushtuka kwamba usiku wa lango, katika nakala yangu, ulikuwa kwa herufi za taipureta. Nilijua ni mkunjo uliopotea ukanakiliwa. Hivyo ndivyo tunavyofanya.

Shangazi aliniambia haukunakiliwa. Kitabu kile aliletewa na msafiri mmoja aliyekitaka kabla ya Ijumaa. Maktaba hawakuwa nacho, na wakati huo mjini hakuna aliyekuwa nacho. Akasoma ukurasa wa kabla ya pengo na ukurasa wa baada yake. Kabla: binti yuko nje ya lango. Baada: binti yuko ndani, na Bawabu hatajwi. Akakaa mbele ya taipureta siku mbili akamwingiza binti ndani kwa njia aliyoiona inafaa. Msafiri hakurudi kuchukua kitabu chake.

Nilimsikia vizuri, lakini nilimwomba arudie. Akarudia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja hapa mezani kitabu kimefunguka palepale," alisema. "Ukasema, shangazi, sikiliza hii. Ukanisomea mimi, baba. Ulitaka niseme nini?"

Kisha akatoa kitabu kwenye droo ya chini, chini ya vitambaa, akanikabidhi. Aliniomba jambo moja tu, nisimtaje. Alisema amekaa vizuri bila kuwa midomoni mwa watu na angependa kuendelea hivyo.

Nilitoka bila kuaga. Nilikwenda maktaba nikaomba chapa mpya, nikaisoma nimesimama kati ya rafu kwa sababu makalio yalikataa kukaa. Binti Moshi anamuua Bawabu kwenye ukurasa wa pili wa mkunjo ule. Kurasa nyingine kumi na nne zinaeleza ngazi za mnara na namna nafaka zilivyohifadhiwa. Filamu haikuongeza wala kupunguza. Hata ngurumo zilikuwa mbili.

Siku nzima sikutulia. Nilizunguka soko nikatoka upande wa pili, nikarudi, nikapita mtaa wa mafundi cherehani mara tatu mpaka mmoja akanisalimia kwa utani kwamba leo nimeajiriwa kukagua barabara. Nilikuwa nimechukia, na sikujua nimchukie nani. Mwandishi alikuwa ameandika alichotaka, wenye kamera wakakifuata. Shangazi alikuwa ameziba tundu. Nilibaki mimi na waraka wangu, ambao ulizidi kusambaa.

Nilimkuta Chuma amevaa miwani yake myeusi, anaunga bawaba. Chuma alikuwa amesoma nakala yangu, kwa hiyo alikuwa amenitetea kwenye kundi kwa nguvu zote. Aliponisikiliza mpaka mwisho alicheka sana, kisha akaona uso wangu akaacha. Akafikiri. Alisema jambo ni jepesi: niwaambie nakala yangu ni chapa ya kwanza, na kwamba chapa ya pili ilipunguzwa. Chapa ya kwanza haipo tena popote. Nani atahakikisha?

"Ukikiri, watakuita Bawabu mpaka uzeeke," alisema. "Hawa watu unawajua."

Nilimjibu kwamba nitafikiria, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naufanyia mazoezi uongo ule, naupima mahali pa kupumua.

Jumapili ukumbi mdogo wa maktaba ulijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikigonga, na mkutubi, mama mpole mwenye miwani ya kamba, ambaye aliweka chapa mpya mezani mbele yake. Profesa alikaa safu ya kwanza amekunja nne. Nilipoitwa, sikusalimia. Nilifungua kitabu nikasoma.

*Nimelinda lango hili, tangu sijaota ndevu,*
*Mvi sasa ni kamili, na magoti ni mabovu,*
*Wote wataka kufuli, hawaulizi la kovu,*
*Nani kauliza jina, la mtunza ufunguo?*

Nikaendelea beti tisa. Sijui kusoma polepole, lakini siku ile nilisoma polepole. Nilipofika pale jitu linapoweka funguo chini, mkutubi alikuwa amevua miwani. Hata Profesa alikuwa ameshusha mguu.

"Ni mazuri," alisema Profesa. "Hilo sibishi. Lakini kwenye hiki cha hapa mezani hayamo. Wewe umeyatoa wapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Chapa ya kwanza: maneno matatu tu, nami ningeondoka pale nikiwa mtu aliyewafichulia siri. Nilivuta pumzi. Nikaona ni nini hasa ningekuwa nimefanya. Ningekuwa nimezichukua zile beti tisa, siku mbili za mwanamke mmoja kwenye taipureta, nikampa mwandishi ambaye tayari ana filamu yenye farasi mia mbili. Damu ikanipanda. Mashairi yale ni ya kwetu. Sikuwa tayari kumpa mtu kazi ya ukoo wangu, hata kwa bei ya sura yangu.

"Kwenye kitabu hayamo," nilisema. "Hayajawahi kuwamo. Filamu haikuiba kitu, na mimi niliwatukana bure. Mkunjo ulipotea, na fundi aliyekijalidi kitabu hiki akaujaza kwa kichwa chake. Nimeishi miaka kumi na mmoja nikidhani ni kitabu."

Kicheko kilianzia nyuma. Hakikuwa cha ubaya, lakini kilikuwa kirefu, na kila kilipotaka kuisha kulikuwa na mtu wa kukiamsha. Mmoja akaniuliza kama hata Binti Moshi nilimtunga nyumbani. Mwingine akasema panzi ameruka. Nilisimama nikakipokea chote, masikio yakiwaka, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi mwenyewe kwamba waniite mwongo na sasa walikuwa wakinilipa kwa uaminifu. Kilipotulia, mkutubi aliuliza fundi huyo ni nani. Nikasema ameniomba nisimtaje. Nikakaa. Ndipo nikakumbuka kwamba mji wetu una fundi wa vitabu mmoja tu.

Jumatatu asubuhi, hatujafungua madirisha yote, Profesa alikuwa mlangoni. Alikuwa na chapa mpya mkononi, safi, mgongo wake haujavunjika. Alimwamkia shangazi kwa heshima ambayo sikujua kwamba anayo, akasema ana ombi: kurasa zile kumi na sita zitolewe, zishonwe za mama.

Shangazi alikigeuza kitabu, akakagua mshono, akakirudisha.

"Hiki ni kizima," alisema. "Mimi sikati kitabu kizima."

Profesa alibembeleza, akaleta hoja zake za kibandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akishindwa. Aliondoka na kitabu chake kwapani. Alipopotea kwenye kona, shangazi alinigeukia. Hakupaza sauti. Alisema nilipewa jambo moja la kutunza, moja, na sikulitunza hata siku mbili. Akasema kesho watakuja wengine, na keshokutwa, na gundi haikauki watu wakiwa wamesimama mlangoni. Akaniambia nikate kadibodi za majalada, ishirini na nne, na nikikata vibaya nitazikata upya.

Nikakata. Mikono ilikuwa ikifanya kazi, mimi nilikuwa sitaki kutulia. Nilikuwa bado naichukia filamu ile, bila haki yoyote, na kila nikishusha kisu nilikuwa namwona Bawabu, peku, ametoka langoni, mbele yake ile bahari iliyokauka. Nikafika kadibodi ya kumi na nne nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi. Baada ya kuweka funguo chini, alikwenda wapi?"

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mwanga, akapata tundu kwa jaribio la kwanza.

"Sijui," alisema. "Mimi niliombwa kurasa kumi na sita tu."