Sepeto za Silanga

Mtu akiniuliza naonaje uongozi wa huku kwetu, humwambia akae kitako kwanza, kwa sababu jibu langu si fupi na si tamu. Mimi ni Lul, mke wa Adow. Tunaishi upande wa Dadaab, penye visima, mbali na Garissa. Kiswahili nilijifunza ujanani nikiwauzia askari maziwa sokoni Garissa, na nilichojifunza zaidi pale ni kwamba serikali haina masikio. Ina tumbo tu.

Tumbo lake huku kwetu lilikuwa Guleid, hedmani. Serikali ilimpa kilemba, fimbo na dubas wawili, wale askari wa vilemba vyekundu, na yeye akajipa kisima. Visima vingine hukauka jilal ikishika, ule ukame mrefu kabla ya mvua kubwa, lakini hicho kilikuwa kirefu zaidi. Mila yetu ni kunywesha mifugo kwa zamu, anayetoka mbali akitangulizwa. Kwa Guleid zamu ilitegemea ulimi wako. Ukimsifu asubuhi, mbuzi wako watakunywa mchana. Ukikaa kimya, watakunywa kesho. Nimeona wanaume wenye mvi wakiyasifu mashairi yake, na mashairi yenyewe yalikuwa ya kumlaza msikilizaji.

Ndipo DC mpya, Mzungu wa Garissa, akaja na neno maendeleo. Alisema tutachimba silanga, bwawa kubwa la kukinga maji ya mvua. Serikali italeta sepeto, sururu na makarai, na sisi tutaleta mikono. Watu walifurahi kweli. Hata mimi nilifurahi, na mimi sifurahi ovyo. Silanga haina mwenyewe, na hakuna wa kumsifu ndipo unywe.

Tulingoja. Kila tulipouliza, Guleid alikuwa na jawabu: lori limekwama, mto Tana umefurika, Mzungu amesahau. Na kila alipokwenda Garissa alimwambia DC kwamba vifaa vimeshafika zamani, ila watu wake ni wavivu, wanapenda kivuli na chai. Tuliyapata hayo kwa mke wa dubas mmoja, rafiki yangu, ambaye mdomo wake hauna kifuniko.

Nyumbani kwangu alikuwapo Nimo, mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu Fatumo, alikufa siku ya kumzaa. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ngamia mmoja tuliyemwita Adey kwa weupe wake. Ngamia wetu wengine walikuwa wamekufa kwa kiu au wamekauka, na mbuzi walikuwa ngozi na mifupa. Adey peke yake ndiye aliyetoa maziwa. Nimo alikuwa ameanza kusimama kwa kushika guo langu, na jioni akimwona Adey anarudi alipiga kelele za furaha ambazo mimi hakunipigia kamwe. Nilimwonea wivu yule ngamia, lakini kidogo tu.

Siku za karibu na baraza la DC, wanaume wa ukoo walikuja kwangu kunywa chai na kumtia Adow ndimu. Mbele kabisa alikuwa Dagane, binamu yake.

"Wewe ndiye mwenye ulimi," Dagane alimwambia. "Simama useme. Sisi sote tuko nyuma yako."

"Kwa nini nyuma?" nikauliza kutoka jikoni. "Kando yake hapana nafasi?"

Walicheka. Sikumkataza Adow, na mpaka leo sijuti. Alichotaka kusema kilikuwa kweli, na nusu ya maneno yalikuwa yangu.

DC alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha turubai, akaanza kutukaripia kwa Kiswahili cha kwao. "Nyinyi watu vivu sana. Serikali naleta vyombo, nyinyi nalala tu. Nani iko na shauri?"

Adow akasimama na fimbo yake. "Bwana," akasema, "sisi hakuna ona sebeto hata moja. Guleid ni mwongo. Yeye naficha fyombo, sababu yeye nataka watu yote naomba maji kwake."

DC akauliza nani mwingine ana shauri hilo. Nilikuwa nimekaa na wanawake pembeni, nikamtazama Dagane. Alikuwa anasugua meno kwa mswaki wa mti, kwa bidii, utadhani amealikwa harusini. Wengine wote walitazama miguu yao. Guleid hakupandisha sauti. Alimwomba DC aje aone ghala lake mwenyewe. DC akaenda, akakuta ngozi za mbuzi na magunia matupu, akarudi amekasirika, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo Guleid alipodai haal. Kwetu haal ni fidia ya mtu aliyevunjiwa heshima, na hailipwi na mkosaji peke yake. Hulipwa na ukoo wake mzima, kila mtu akichanga chake. Wazee waliketi alasiri, nami nilisikiliza nyuma ya mkeka. Hakuna aliyeuliza kama Guleid alificha vyombo au hakuficha. Ukweli haukuwa kesi. Kesi ilikuwa kwamba Msomali amemwita Msomali mwenzake mwongo mbele ya Mzungu. Kwa hilo hata mimi sikuwa na la kubisha, maana ndivyo mila ilivyo, na Guleid aliijua mila vizuri kuliko alivyojua aibu.

"Mimi si mtu wa makuu," Guleid akasema. "Ngamia mmoja anatosha. Yule mweupe, nasikia maziwa yake ni mazuri."

Ukoo ungeweza kutoa ngamia mwingine. Dagane alikuwa na majike ya maziwa zaidi ya wazee wote waliokaa pale. Akakohoa, akasema kwamba jilal ni kali, kila mtu ana watoto, na aliyefungua mdomo ndiye afungue zizi. Wazee wakaitikia. Ni wale wale waliokunywa chai yangu.

Nikatoka nyuma ya mkeka bila kuitwa. "Yule ngamia ndiye mama wa mtoto wangu," nikawaambia. "Mkimchukua, mtoto atakunywa nini?"

Guleid alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ninaouchukia mpaka kesho. "Walaal Lul, dada yangu, riziki ya mtoto iko kwa Allah, haiko kwa ngamia."

Akaondoka naye akimvuta kwa kamba. Adow alibaki amekaa, fimbo magotini. Nilimtukana kwa kila tusi ninalolijua, kisha nikamtukana Dagane kwa sauti ya kufika kwake.

Mwanzoni wanawake waliniletea maziwa kwa siri, vikombe viwili vitatu chini ya shuka. Kisha zamu za waume zao kisimani zikaanza kurudishwa nyuma, mpaka mbuzi wao wakawa wanalala na kiu. Wakaacha kuja. Sikuwalaumu sana, ingawa nilitaka. Nikampikia Nimo uji wa mahindi kwa maji ya matope. Alitema. Nilipomlazimisha alimeza, na tumbo likaanza kumwendesha. Jioni alikuwa akigeuza shingo kutazama njia ya ngamia, shingo nyembamba, macho makubwa, bila kelele. Hata kulia aliacha. Alifariki asubuhi moja mgongoni kwangu nikiwa nachemsha chai, na sikujua mpaka nilipomshusha.

Maiti ya mtoto huzikwa upesi. Wanaume walikwenda kuchimba kwa vijiti na shoka kuukuu, lakini jilal huifanya ardhi yetu iwe mwamba. Jua lilipanda, kaburi halikufika hata magotini. Sisi wanawake tulibaki mbali, kama ipasavyo, lakini macho hayabaki mbali.

Nikawaona wale dubas wawili wanakuja na punda. Guleid alikuwa amepata habari, na alikuwa ametuma msaada. Wakashusha sepeto. Wakashusha sururu. Zote mpya, rangi ya kijani haijakwaruzika, na mipini yake imechomwa moto alama ya serikali. Makarai yalikuwa bado yamefungwa pamoja kwa waya wa dukani.

Kila mwanaume pale aliziona. Nilingoja mmoja wao aseme neno. Dagane alishika sururu, akaipima uzito, akasema, "Allah amlipe Guleid kheri." Wakachimba. Vyombo vilikuwa vizuri kweli, kaburi likaisha chai haijapoa. Hilo ndilo shimo la kwanza lililochimbwa kwa vifaa vya silanga yetu, na lilikuwa dogo sana.

Waliporudi kutoa pole, sepeto moja iliegemezwa kwenye ua wangu wa miiba ikasahauliwa. Niliificha chini ya mikeka, na udongo wake.

DC aliporudi, mvua ilikuwa bado. Akakaa kwenye turubai yake, akauliza nani iko na shauri. Nikainuka upande wa wanawake, nikapita katikati ya wanaume, nikaiweka sepeto miguuni pake. Mke wa dubas alinivuta guo, nikamponyoka.

"Hii ni sepeto yako, Bwana," nikasema. "Guleid alikuwa nazo zote. Alizitoa kumzika mjukuu wangu. Mume wangu alisema kweli hapa, na kwa kweli hiyo alinyang'anywa ngamia, na mtoto akafa kwa njaa. Hawa wote waliziona. Uliza yeyote."

DC aliigeuza sepeto kwa kiatu, akaiona alama kwenye mpini. Uso ulimbadilika. Kwa mara ya kwanza nilimwona Guleid akirudi nyuma hatua, na moyo wangu, Allah anisamehe, uliruka kwa furaha.

"Mama huyu nasema kweli?" DC akauliza watu. Watu wakachezea fimbo zao. Basi akamnyooshea kidole Adow. "Wewe ndiye bwana yake. Siku ile wewe nasema vyombo hapana fika. Sasa sema."

Adow akasimama polepole. Alimtazama Dagane, Dagane akatazama mbuzi wetu waliosimama kwenye jua wakingoja kisima. Alimtazama Guleid. Mimi hakunitazama.

"Habana, Bwana," akasema. "Siku ile mimi nakosa. Fyombo ilifika. Ilifika wakati sisi nataka."

DC akashusha pumzi. Nadhani aliona nafuu, kwa kuwa kumwondoa hedmani ni kazi kubwa na jua lilikuwa kali. Alinipa pole ya msiba, akasema huzuni humchanganya mwanamke, akamsifu Guleid kwa kutoa vyombo vya serikali kusaidia wafiwa. Silanga, akasema, itachimbwa mwaka ujao, watu wakiacha uvivu. Dubas akaiokota sepeto, maana ni mali ya serikali, akaipeleka kwa Guleid.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Alasiri nikasikia kengele za mbuzi kisimani, nikatoka kutazama. Adow alikuwa amesimama pale na ndoo, na dubas alikuwa akiwafukuza mbuzi wa watu wengine kumpisha. Siku hiyo mbuzi wetu walikunywa wa kwanza.