Rangi Iliyochubuliwa Kiwandani

Zamani alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi ya hoteli, wakamwita Solo. Jina lilimganda hata baada ya gitaa lake kuibwa stoo na yeye kuhamia kwenye kibanda cha kukata lenzi za miwani. Hakununua jingine. Ukimuuliza, anasema mikono ina kazi.

Kwa hiyo siku mpwa wake alipomletea kasha jeusi la gitaa sebuleni, alilifungua taratibu, kisha akakaa chini ghafla.

"Si ndilo, shangazi?" mpwa alisema, meno yote nje. "Kampuni imeanza kuyatoa upya magitaa kama lile lako. Mbao zile zile, nyaya za kunasa sauti zimezungushwa kama zamani. Hata rangi wameichubua kiwandani, lionekane limepigwa miaka."

Solo alilichomeka kwenye spika. Noti ya kwanza ilitoka kali, ikalainika, ikabaki hewani hadi mumewe akachungulia kutoka jikoni. Ilikuwa sauti yenyewe. Alimkumbatia mpwa wake, akamshukuru mpaka maneno yakamwishia.

Tangu hapo hakutulia. Alilipiga kidogo, akaliweka. Akalihamishia chumbani, akalirudisha sebuleni. Kibandani alikata lenzi ya kushoto kwa umbo la kulia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

"Mke wangu, kaa basi, unanizungusha kichwa," mumewe alilalamika. "Au sauti ni feki?"

"Sauti haina neno. Tazama hapa." Alimwonyesha ukingo wa juu, rangi ilipochubuliwa. "Hapa anaweka mkono mtu mrefu, tena aliyesimama. Mimi nilipiga nimekaa. Langu lilichubuka huku chini. Nikilishika hili naona kama nimevaa shati la mtu, bado lina jasho lake."

Alilipeleka kwa fundi magitaa alipake upya. Fundi aligoma.

"Ukigusa rangi, thamani imeshuka. Watu wanalipia hiyo mikwaruzo, mama."

"Kwani nani anauza?"

"Leo huuzi. Kesho je?"

Alirudi nalo nyumbani, akalifungua nyuzi na vyuma vyote, akachukua msasa. Alikuwa uani, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, mpwa wake alipoingia.

"Shangazi!" Aliinama kutazama. "Nililipa zaidi kwa ajili ya huo uchakavu. Nilitaka lifanane na lako."

Solo aliweka msasa chini. "Najua, baba. Ningekwambia kwanza. Nimekukosea." Alijifuta uso, akazidi kujipaka vumbi. "Ila lile nililichakaza mwenyewe. Na hili niachie nilichakaze."

Mpwa alizunguka ua, mikono kiunoni. Alitoka, akarudi. Mwishowe akauliza, bado amenuna, "Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu gani? Ziko elfu moja."

Walikwenda dukani pamoja, wakibishana njia nzima.

Rangi ilipokauka, Solo alijiunga na bendi iliyokuwa ikifanyia mazoezi kwenye karakana ya seremala. Wote walikuwa vijana kwake. Kwenye wimbo wa pili aliingia mapema mno, mpiga ngoma akasimamisha.

"Mama, unawahi wapi?"

Wakacheka. Vidole vilikuwa vinamwaka, mgongo umelowa. Solo naye akacheka, akakaza uzi uliolegea, na kabla hawajahesabu akawa ameshaanza.