Mioyo ya Masika

Shangazi aliinama akachungulia nyuma ya kompyuta, kama mtu anayemtafuta kuku uvunguni mwa kitanda. Miwani alikuwa ameivua na kuishikilia kwa meno. Alipoinuka alijipangusa vumbi magotini, akaniambia kwa ile sauti anayowawekea wazazi wa wagonjwa, isiyopanda wala kushuka:

"Mama, watoto wangu hawamo."

Aliniita mama tangu siku niliyozaliwa, maana nilirithi jina la mamake mzazi. Hata aliponichapa utotoni alinichapa kwa adabu: "Mama, lete mkono." Sasa yeye alikuwa daktari wa moyo wa watoto, mimi fundi wa kompyuta, na kwa jinsi alivyoziogopa mashine zangu ungedhani zinauma. Kibodi aliibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayeua siafu.

Watoto aliowasema walikuwa mafaili. Kliniki yake ilikuwa vyumba viwili vya paa la bati mwishoni mwa hospitali, dirisha likitazama kamba za kuanikia mashuka. Mtoto aliyefika pale alilazwa, akapakwa jeli ya baridi kifuani, na mashine ikachukua picha za moyo wake ukiwa unadunda. Kisha Shangazi aliweka kipaza sauti kidogo juu ya mbavu, akarekodi mlio. Picha na sauti zote zilikaa kwenye diski kubwa ya nje, iliyounganishwa na kompyuta iliyokuwa chini ya meza, inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Siku hiyo diski ilikuwa na watoto wa miaka yote, isipokuwa waliopimwa masika. Miezi ile ya mvua ilikuwa imenyofolewa kama kurasa.

Na siku yenyewe ndiyo haikuwa ya kupotelewa. Madaktari wapasuaji waliotoka mbali walikuwa wamekwisha kufika, na mchana ule wangeketi kuchagua nani apasuliwe. Mashine ya picha ilikuwa imekufa tangu mvua zilipokoma, inangoja kipuri, kwa hiyo hakukuwa na kurudia kipimo.

"Wasiyemwona hawatamchagua," alisema Shangazi. "Na sitawalaumu. Hupasui kifua cha mtu kwa kusimuliwa."

Alinionyesha koridoni kwa kidevu. Kwenye benchi alikaa mchomeleaji mmoja, mikono ina makovu madogomadogo ya cheche, bintiye amemlalia begani. Huyo binti, aliyepimwa masika, Shangazi alimwita Kinda. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoanza kuiva.

"Yule hataweza kungoja safari yao nyingine," akasema, akafunga mlango taratibu.

Nikaketi kazini. Nilitafuta kwa majina, nikatafuta kwa tarehe, nikatafuta kwa aina ya faili. Diski ya nje ilikuwa nzima, haina jeraha. Niliangalia kama kuna aliyefuta; hakuna aliyefuta. Kila nilipouliza, mashine ilinijibu kwa heshima kwamba nilichotaka hakipo. Mwishowe nikampigia simu mkuu wetu wa kompyuta, mtu mkarimu mwenye haraka ya kudumu.

"Mfumo huo umechoka," akasema. "Safisha diski ya ndani, weka mfumo mpya. Ile ya nje usiiguse. Yaliyopotea yamepotea, dada, pole."

Nikatoa flashi ya kuwekea mfumo kutoka mkobani. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Hicho kitafanya nini?"

"Kitafuta kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta, tuanze upya."

"Na ndani yake mna nini sasa?"

"Hamna kitu. Mfumo tu."

"Una hakika, au unadhani?"

Hakuuliza kwa ukali. Ndivyo alivyowauliza wanafunzi wake walipotaka kuandika dawa, na nilikwisha kuona watu wazima wakitazama viatu vyao kwa swali hilo. Mimi nami nilitazama vyangu. Kisha nikaiweka flashi mezani, nikapima.

Kuna amri inayouliza diski imejaa kiasi gani. Kuna nyingine inayoyajumlisha mafaili yote yanayoonekana, moja baada ya jingine. Majibu yake hayalingani kabisa siku zote, lakini hukaribiana, kama ndugu wawili wanaosimulia ugomvi uleule. Ya kwanza ikanijibu kwamba diski ya ndani imejaa karibu kufurika. Ya pili ikahesabu kila kilichoonekana, na hesabu yake haikufika hata robo.

Nilirudia. Haikufika hata robo.

Vinyweleo vilinisimama mkono mzima. Miaka yote ya kazi nilikuwa nimezoea vitu visivyokuwepo. Sikuwahi kukutana na kitu kilichopo, chenye uzito wake kamili, ambacho macho hayakipati.

"Shangazi, kuna mzigo humu. Uzito wake naupima, wenyewe siuoni."

Nilidhani atachanganyikiwa. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameikaribia kompyuta bila kujikunja.

"Hapo ndipo kazi yangu huanzia kila asubuhi," akasema. "Nasikia mlio, tundu silioni. Huwa sipasui. Huwa nauliza. Sasa niulize."

Nikamuuliza kama anavyowauliza mama wa watoto: ilianza lini, kulitokea nini kabla yake, kuna siku alipata nafuu? Akafumba macho, akakumbuka. Mwanzo wa masika umeme ulikatika kwa kishindo, na kompyuta ikajiwasha yenyewe baadaye. Wakaendelea na kazi. Mvua zile wagonjwa walikuwa wengi, hakuna aliyefungua mafaili ya zamani.

Akafumbua macho.

"Siyo kweli. Niliwahi kumtafuta mtoto mmoja wa zamani. Sikumwona. Nikajiambia nimekosea jina, uzee huo. Mvua zilipokwisha, fundi umeme alizima akawasha tena, nikamtafuta, nikamwona."

"Na wa masika, baada ya fundi kuwasha, uliwahi kuwaona?"

"Sikuwatafuta mpaka leo."

Basi walipokuwepo wa masika, wa zamani hawakuwepo. Waliporudi wa zamani, wa masika hawakuonekana tena. Hata siku moja hawakuwahi kukutana. Niliacha kuandika nikatazama ukuta, na jambo lote likajipanga mbele yangu bila mimi kulisukuma.

Katika Linux, diski ya nje haiji na chumba chake. Hutandikwa juu ya folda iliyokwisha kuwepo, kama mkeka unavyotandikwa sakafuni, na ukiiingia folda hiyo unakanyaga mkeka. Siku umeme ulipokatika, diski ya nje ilichelewa kuamka. Mkeka haukutandikwa. Kompyuta haikujua, iliendelea kuwapokea watoto na kuwalaza mahali palepale pa kila siku, ila sasa ilikuwa sakafu tupu, ndani yake yenyewe. Kisha fundi umeme akazima, akawasha, diski ikaamka, na mkeka ukatandikwa juu yao.

Nilimweleza hivyo hivyo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hawakupotea. Wamefunikwa."

"Nadhani."

"Hilo 'nadhani' nimelipenda. Basi funua."

"Nikifunua, wale wa miaka yote wataondoka kwenye skrini kwanza."

"Watapotea au watafichika?"

"Watakuwa kwenye diski yao, salama. Ila wewe utaona patupu, na huenda chini yake pasiwe na kitu."

Akatazama mlango, upande wa benchi. "Funua, mama."

Niliandika amri, neno moja na jina la folda, nikabonyeza. Mashine haikutoa hata ukelele. Nikaomba kuonyeshwa folda ile, na majina yakaanza kushuka.

Yalishuka kama maji ya mfereji ukifunguliwa. Jina na tarehe, jina na tarehe, siku kwa siku, miezi yote ya mvua, kila mtoto alipowekwa, hakuna aliyesogea. Shangazi aliweka kiganja juu ya skrini, pale majina yalipokuwa yakipita, kama anayepima homa. Mimi niliitazama ile flashi mezani. Nilikuwa nimebakiza kuichomeka na kubonyeza mara mbili, wote wafutike.

Tukayahamishia mafaili folda nyingine, tukayanakili kwenye diski nyingine kwa usalama, ndipo nikairudisha diski ya nje, nikayaingiza humo, na kwa mara ya kwanza watoto wote wakawa mahali pamoja. Shangazi akasema tufungue moja tuhakikishe. Akachagua la Kinda.

Niwe mkweli: nilikuwa nimeyalinda mafaili yale kwa miaka, nimeyapima kwa gigabaiti, nimeyasafirisha kutoka diski hadi diski, na sikuwahi kufungua hata moja. Kwanza ilikuja sauti. Mvua, mvua kubwa juu ya bati, na katikati ya mvua ile, kitu kinatembea. Du-shh, du-shh. Hatua moja nzito, moja inayoburuta. Kisha picha: vyumba vinne vya kijivu, vinakaza na kulegea, na kati yake kilango chembamba kama ganda la kitunguu kinafunguka, kinajifunga, kinafunguka. Hakuna aliyekishika. Hakuna aliyekiamrisha. Shangazi alinionyesha kwa kalamu mahali damu ilipokosea njia, tundu dogo ambalo ungeliziba kwa punje ya dengu, nami nikaona jinsi moyo ule ulivyokuwa ukilikimbilia kosa hilo na kulirekebisha, kila mdundo, bila kuchoka na bila kulalamika.

"Miaka thelathini naangalia," Shangazi akasema polepole. "Bado sijazoea."

Mchana ule wapasuaji waliwaona watoto wa masika wote. Hawakuweza kuwachukua wote. Hilo halikuwa mikononi mwa kompyuta wala mwa Shangazi, na wawili kati ya wale walioambiwa wangoje hawakufika safari iliyofuata. Nawakumbuka. Kinda alichaguliwa. Juzi nimesikia kwamba anasomea uchoraji wa ramani, na kwamba anaongea sana.

Lakini kabla ya hayo yote, wapasuaji wakiwa bado wanakula, Shangazi alitoka koridoni akamwita mchomeleaji aingie. Akaniambia nimwonyeshe, yeye akaenda kunawa mikono. Mchomeleaji alisimama mbele ya skrini, binti bado amemlalia begani. Akavua kofia. Hakujua aiweke wapi, akaibana kwapani.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kumweleza habari za vyumba na vilango, nikaona si mahali pangu.

"Huu ndio wake?" akauliza.

"Ndio wake."

"Na sasa hivi unafanya hivi hivi? Hata amelala?"

"Hata amelala."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaupeleka mkono wake ule wa makovu mgongoni kwa binti, akautua kwa wepesi ili asimwamshe, akauacha pale.