Nadhiri ya Saa Tisa

Mimi si mtu wa kuahidi ovyo. Mwaka ule mume wangu Nicanor alipopasuliwa utumbo kuondolewa uvimbe niliahidi mara moja tu, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake hospitalini Santiago, na niliyemwahidi ni Bikira wa Altagracia mwenyewe, mlinzi wa nchi yetu ya kisiwani. Sikukuu yake ilikuwa imepita juzi tu. Nikamwambia: Mama, mwinue mzee wangu, nami mpaka sikukuu yako ijayo sitaangalia tamthilia ya saa tisa, wala sitatia mdomoni kipande cha mapera.

Anayecheka hajui nilichotoa. Watu wa kwetu Salcedo humwahidi Bikira kutembea kwa miguu mpaka kanisani kwake Higüey, au kuvaa nguo ya gunia mwaka mzima. Mimi kutembea natembea, na gunia halinitishi, kazi yangu ni kushona. Lakini saa tisa alasiri ilikuwa yangu peke yangu. Kila siku nilizima cherehani, nikatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikajimiminia kahawa kikombe kidogo, nikajikatia kipande cha mapera yaliyopikwa na sukari mpaka yakaganda, na juu yake jibini nyeupe. Halafu nikakaa kumtazama Luz Aurora akionewa kwenye shamba la yule baradhuli Don Evaristo. Tamthilia yenyewe ilitazamiwa kuisha Desemba, na nadhiri yangu ilikuwa inaisha Januari. Kwa maneno mengine, Luz Aurora nilimzika akiwa hai.

Nicanor ni kinyozi. Kwa miaka thelathini na minne saa tisa ilimkuta ameketi mlangoni na gazeti lake, na kazi yake ilikuwa kunikejeli. "Kazimia tena huyo? Mpeni mchuzi wa kuku." Au, "Daktari gani huyu anatibu upofu kwa busu? Nipeni anwani yake, nimpeleke mama yako." Nilimrushia kandambili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alikwepa vizuri kwa mtu wa umri wake.

Basi mzee aliinuka. Akarudi nyumbani amekonda, shingo inacheza ndani ya kola, lakini amerudi. Na siku ya kwanza kabisa, saa tisa ilipopiga, akaniuliza kutoka kitandani, "Eneida, leo huwashi televisheni?"

"Kichwa kinaniuma," nikamjibu.

Sikumwambia habari ya nadhiri. Ningemwambia angejiona mzigo, au angecheka, na sikuwa na moyo wa kustahimili lolote kati ya hayo mawili. Kesho yake akauliza tena. Nikasema kichwa. Wiki, mwezi, miezi, kila siku saa tisa swali ni lile lile na jibu ni lile lile. Nilijua ananichokoza. Saa hiyo mtaa mzima kwetu huwasha televisheni na muziki wa mwanzo hutoka kila dirisha, kwa hiyo nilikuwa natoka nyuma ya nyumba, nafungua bomba kwa nguvu, nafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Aliyejua siri ni Zunilda peke yake, jirani yangu ambaye ndiye mama wa ubatizo wa binti yetu. Na Zunilda, Mungu amsamehe, ana moyo mzuri na mdomo mbaya. Jumatano moja ya Oktoba alikuja kwenye ukuta ulio kati ya nyumba zetu.

"Mwenzangu, leo Luz Aurora anaambiwa mama yake ni nani."

"Usiniambie."

"Sikuambii. Nasema tu kwamba mlango wangu uko wazi, na kahawa iko jikoni."

"Zunilda, nina nadhiri."

"Najua una nadhiri. Lakini Bikira ana kisiwa kizima cha kuangalia, mwenzangu. Nusu saa tu hatakuona."

Nikaenda. Nilimwambia Nicanor naenda kuomba chumvi, na chumvi ilikuwa mezani mbele ya macho yake. Nikakaa kwenye kiti cha Zunilda nikaangalia kipindi chote, na alipoleta sahani ya mapera na jibini sikusema hapana. Nilikula vipande viwili. Nikalia kwa raha, maana mama yake Luz Aurora alikuwa ni yule mpishi, kama nilivyosema tangu mwanzo. Nikarudi nyumbani nimejaa kama mtoto wa sikukuu, na sikuwa hata na aibu. Aibu ilikuja kesho yake asubuhi, simu ilipolia.

Wiki iliyotangulia Nicanor alikuwa amepigwa picha za tumbo ili waone kama ule ugonjwa umerudi. Kwa kawaida majibu yalitumwa kwa daktari wa hapa hapa kwetu. Safari hii msichana wa mapokezi alisema, "Daktari anataka aje mwenyewe kesho. Na asije peke yake, aje na mtu."

Nilikaa chini kwenye kigae cha jikoni. Kila mtu anajua maana ya kuambiwa uje na mtu. Jumatano nimevunja nadhiri, Alhamisi simu. Sikuhitaji padri anifafanulie. Nilikuwa nimemuuza mume wangu kwa nusu saa na vipande viwili vya mapera.

Ijumaa tulifika Santiago mapema, na tukasubiri. Saa nne, saa sita, saa nane. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, watu kama ishirini, na televisheni juu ukutani. Sikuwa nimeifikiria ile televisheni mpaka ilipofika saa tisa na ule muziki ukaanza. Chumba kizima kikanyamaza. Mimi nikageuza kiti changu, nikaipa televisheni kisogo, nikawa naangalia picha ya ukutani inayofundisha watu kunawa mikono.

Nilipomtupia Nicanor jicho nikaona jambo ambalo sijaliona katika ndoa yangu yote. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, macho yameganda kwenye tamthilia.

"Nicanor, unafanya nini?"

"Naangalia."

"Tangu lini wewe unaangalia?"

"Nyamaza kidogo, mama. Huyu mpishi anazungumza."

Luz Aurora akazimia. Nilisikia kishindo na chumba kizima kikaguna. Nikangoja mchuzi wa kuku. Haukuja. Nicanor alikuwa amebana midomo mpaka kidevu kinatetemeka, na neno halitoki. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua mtu anayejiandaa kuondoka hubadilika, huwa mpole, huacha mizaha yake. Nikaona ameshajua majibu kabla ya kuambiwa.

"Mzee wangu," nikasema, "nisamehe. Nimekuua."

Akanigeukia. "Umeniua lini? Si niko hapa."

"Jumatano."

Nikamwambia yote. Magoti kando ya kitanda, tamthilia, mapera, chumvi ya uongo, Zunilda, vipande viwili. Nililia bila kujificha, mbele ya watu ishirini. Yeye alinisikiliza bila kupepesa, na nilipomaliza nikangoja anikasirikie. Badala yake akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kumbe kichwa hakikuwa kinakuuma."

"Hata siku moja."

"Eneida, wewe mwanamke. Sikiliza. Asubuhi ile, kabla hawajanisukuma kwenye chumba cha upasuaji, na mimi nilimwahidi Bikira. Nilimwambia, nikiamka, kila siku saa tisa nitakaa na mke wangu niangalie naye ule upuuzi wake mpaka mwisho, bila neno moja la kejeli. Kwa Bikira sikusema upuuzi, nilisema tamthilia."

Nikamkodolea macho.

"Narudi nyumbani," akaendelea, "wewe huwashi. Kesho yake kichwa. Keshokutwa kichwa. Miezi minane na nusu ya kichwa! Nilidhani umenishtukia ukaamua kunikomoa. Kila tumbo likinikata nasema, ndiyo hiyo, nadhiri haijalipwa. Jana waliposema nije na mtu nikajua yamekwisha, na kosa ni langu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

"Wazee wangu," akasema bwana mmoja aliyefungwa bandeji mguuni, kwa adabu kabisa, "shikamooni, lakini sisi tunaangalia."

Hapo hapo muuguzi akatokeza na kuita, "Nicanor Polanco." Tukaingia tumeshikana mikono kama watoto wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Daktari Brito ni binti mdogo, kwa umri angeweza kuwa mjukuu wetu. Alikuwa anasoma karatasi, na hakuinua macho haraka, na katika ule muda nilimwahidi Bikira mambo ambayo mpaka leo siyakumbuki.

"Pasafi," akasema. "Hakuna kitu. Kidonda kimepona, ugonjwa haujarudi."

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena. Nikamwomba asome mara ya tatu, na akasoma, sauti juu, kidole chini ya kila mstari. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa na faili za watu. Nicanor alisimama tu, anatikisa kichwa, anasema, "Haya. Haya. Haya basi."

"Sasa binti yangu," nikauliza, "kwa nini mliniua kwa hofu? Kwa nini mlisema aje na mtu?"

Daktari akamwangalia Nicanor kwa jicho kali. "Kwa sababu mara tatu nimemkataza kubeba vitu vizito. Wiki iliyopita ametuletea zawadi ya gunia la ndizi, kalibeba begani kutoka kituo cha basi. Ndizi tumezila na tunashukuru. Lakini mzee huyu hasikii, nikasema aje na mtu anayesikia."

Nilitaka kumpiga mume wangu na kumbusu kwa wakati mmoja. Nilimbusu, kisha nikampiga kidogo begani, lile bega la ndizi.

Tulipotoka, tamthilia ilikuwa bado ina robo saa. Tukasimama mlangoni pa chumba cha kusubiria, na shida yetu ikawa imesimama pamoja nasi.

"Njoo tukae," Nicanor akasema.

"Siwezi. Mimi nina miezi mitatu bado. Jumatano nimeshaharibu, siharibu tena."

"Na mimi lazima niangalie. Tena niangalie na wewe, ndivyo nilivyosema. Bikira ametufanyia yake, Eneida. Tusimfanyie ujanja."

Nikafikiri. Kwa miaka yote ya kushona nimejifunza kwamba kitambaa kikikosa upande mmoja, unakigeuza. Nikachukua kiti, nikakiweka mbele ya kile cha kwake, nikakaa nimeipa televisheni kisogo na magoti yetu yamegusana. Yeye akaketi akiangalia juu ya kichwa changu.

"Masikio sikuyaahidi," nikamwambia. "Niliahidi macho."

Ndivyo tulivyofanya hata nyumbani, kila siku mpaka tamthilia ilipoisha Desemba. Harusi ya Luz Aurora niliisikia kwa kisogo. Ile Jumatano nililipa kwa wiki nzima ya ziada bila mapera, na Zunilda nilimnunia siku nne, nikachoka.

Lakini ninayoikumbuka ni ile robo saa ya kwanza. Sikuwa na pengine pa kuangalia, basi nikamwangalia yeye. Don Evaristo alipofoka, nyusi za Nicanor zilishuka. Mpishi alipomkumbatia mwanawe, zilipanda, na akameza mate, na kejeli ilimjia mpaka kwenye pembe ya mdomo akaizuia. Miezi minane na nusu nilikuwa nikiukagua uso ule kila asubuhi, kama macho yamekuwa manjano, kama mashavu yameingia ndani, kama kuna kitu ananificha. Siku ile nilikaa mbele yake nikautazama kwa raha tu, mpaka kipindi kikaisha.