Bwana Samaki na Minandi wa Kibimba

Samaki walipoanza kupungua katika mabwawa ya akina mama wa Kibimba, mwaka wa tisini na saba, Philbert hakuhangaika kumtafuta mwizi. Yeye ndiye aliyekuwa bwana samaki wa tarafa, na kila asubuhi aliwaona minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu, wakitua majini, wakizama na kuibuka na kitu kinachometameta mdomoni.

"Wapigeni," aliwaambia akina mama. "Ndege mmoja hula nusu kilo kwa siku. Mkiwaachia, mwakani mtakuwa mnafuga vyura."

Walimsikiliza, kwa kuwa walikuwa wamezoea kumsikiliza. Ni yeye aliyewaonyesha mahali pa kuchimba, akawaletea vifaranga vya perege kwa pikipiki ndani ya dumu la maji. Wakalinda kwa zamu, kwa manati na kelele za makopo. Wakaua minandi wanane na korongo wawili, wakawatundika kwenye miti kandoni mwa maji ili wenzao waogope. Samaki wakaendelea kupungua.

Asubuhi moja Philbert alifika bondeni akawakuta akina mama wameinama wamezunguka jani la mgomba. Katikati yao alichuchumaa mwanamume mwembamba mwenye koti lililochanika begani, kisu mkononi. Huyo alikuwa Nduwayo, Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, ambaye siku hizo alikuwa akimpalilia maharage mwenyekiti wa kikundi, Mama Ildefonsa, naye akimlipa ndizi.

"Shikamoo, mama," Philbert alimwamkia Ildefonsa.

"Marahaba, Bwana Samaki. Njoo uone. Kumbe huyu alifanya kazi kwenye mabwawa ya samaki kwao, miaka kumi na mmoja, na hakuniambia."

"Hukuniuliza, mama," alisema Nduwayo, akaendelea kupasua. Walikuwa ndege waliouawa jana yake. Ndani ya korongo mlikuwa na vyura na panya mmoja. Ndani ya mnandi mlikuwa na samaki, lakini wote walikuwa wadogo kama kidole. Nduwayo aliwapanga juu ya jani.

"Waliopotea walikuwa kiasi gani?"

"Kiganja," alijibu Ildefonsa. "Wengine zaidi."

"Hapa sioni hata mmoja wa kiganja."

Akanawa, akaenda hadi ukingo wa chini mahali bomba la kutolea maji lilipopita, akaingiza mkono mpaka begani. Alipoutoa alikuwa ameshika kipande cha wavu wa waya kilicholiwa na kutu, chenye tundu la kupitisha ngumi.

"Hawa wamekwenda mtoni kwa miguu yao wenyewe," alisema, na akina mama wakacheka. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Nani aliweka waya huu?"

Akina mama waliangalia chini, kwenye viatu vya Philbert.

"Ndege wanakula, sikatai," Nduwayo aliendelea. "Bwawa la vifaranga lifungieni kamba juu, zikaribiane, minandi washindwe kutua. Kwenye mabwawa mengine waacheni wapate chao. Perege huzaana mno. Watoto wakibaki wote, chakula hakitoshi na hakuna atakayekua."

Philbert alijua kwamba ni kweli. Alifundishwa hayo chuoni Mwanza, akayasahau. Hilo ndilo lililomuuma kuliko waya.

Tangu siku hiyo, neno lolote alilosema lilipokewa kwa heshima na kuwekwa kando. Akiwaambia wapunguze pumba, waliitikia, kisha mmoja angesema, "Tumuulize na Nduwayo." Siku moja Ildefonsa alipika samaki, na kichwa, ambacho miaka mitatu mfululizo kiliwekwa kwenye sahani ya Philbert, kikaenda kwenye sahani ya mkimbizi. Philbert alikula mkia, akasifu mchuzi. Nyumbani mkewe, Zita, alimuuliza, "Nasikia mmepata mtaalamu?" Alilala akiwaza lile koti lililochanika, na jinsi akina mama walivyoliona kuwa zuri kuliko shati lake la ofisi.

Mwaka ule amri ilikuwa imetoka kwamba mkimbizi asivuke mpaka uliowekwa kuzunguka kambi bila kibali. Wengi walivuka kutafuta vibarua, na wengi waliachwa. Philbert alipita kwenye kituo cha polisi cha kambini kana kwamba ana safari zake.

"Kuna mmoja anashinda Kibimba," alisema. "Anaitwa Nduwayo. Mimi sina ubaya naye, ila sheria ni sheria."

Walimkamata kesho yake akiwa kwenye maharage, jembe mkononi. Alilala ndani siku mbili, kisha akarudishwa kambini na kuonywa kwamba akionekana tena nje atashtakiwa.

Miezi minne baadaye mabwawa yalivuliwa. Waya ulikuwa mpya, kamba zilikuwa juu ya vifaranga, na kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, lilivutwa ukingoni likiwa zito kuliko wakati wowote. Mgeni kutoka wilayani alimpongeza Philbert mbele ya watu. Philbert alishukuru. Aliwatazama akina mama akitarajia kwamba mmoja atasema jambo, lakini wote waliendelea kuparua magamba.

Mgeni alipoondoka, Ildefonsa alimletea furushi la majani ya mgomba, bado linachuruzika maji.

"Wewe una pikipiki, na kambini unaruhusiwa kuingia. Mpelekee."

"Mama, leo nina..."

"Mpelekee, Philbert." Hakuwahi kumwita kwa jina lake kabla ya hapo.

Alimkuta Nduwayo nje ya kibanda chake cha turubai, akikata kuni. Nduwayo alifungua furushi, akamgeuza samaki mmoja, akamfunua shavu kuangalia matamvua.

"Wamekua. Kamba zilishika?"

"Zilishika." Philbert hakukaa ingawa alipewa kigoda. "Ndugu, mimi ndiye niliyekutaja polisi."

"Najua. Askari aliniambia siku ileile."

"Na hukumwambia Mama Ildefonsa?"

"Ningemwambia kwa mdomo upi? Sijamwona tangu siku hiyo." Nduwayo alifunga furushi. "Nilikukosea nini?"

Philbert alitafuta kosa, hakulipata. "Walikuwa wananisikiliza mimi," alisema mwishowe, na aliposikia maneno yake mwenyewe aliona aibu.

Nduwayo aliliweka furushi kivulini. "Niombee kibali," alisema. "Sikusamehe leo. Lakini niombee kibali."

Philbert alikiomba. Alirudi kwenye ofisi ya kambi mara tano, akaandika barua mbili kwa mkono wake akieleza kwamba mtu huyu anajua kazi kuliko yeye. Sentensi hiyo aliifuta na kuiandika upya mara kadhaa kabla ya kuiacha ibaki. Kibali kilitoka: siku moja kwa juma, Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza alimpakia Nduwayo nyuma ya pikipiki. Bondeni akina mama waliacha majembe, wakamkimbilia mgeni wao, wakamshika mikono yote miwili. Philbert alibaki akiegesha pikipiki, na wivu ukamchoma vilevile kama zamani. Hakuna aliyemtazama. Akakunja suruali, akashuka majini na kokoro lililokuwa ukingoni, akashika ncha moja na kusubiri Nduwayo ashike ya pili.