Watano kwa Viti vya Wawili Wawili

...na wako watano, hilo ndilo balaa lenyewe, watano, na viti vya gari lile linalopanda mlima wa chuma na kuporomoka ni vya wawili wawili, wala hakuna mwalimu wa hesabu atakayewagawa watano kwa mbili asibaki mtu, na mtu huyo Kozue anamjua, ameamka naye leo hotelini, amempigisha mswaki, amemsuka nywele mbele ya kioo akimwambia tabasamu basi, leo ni siku ya raha, darasa zima linakwenda kucheza... foleni ikasogea hatua mbili ikasimama, na kibao kilichoning'inia juu kinasema kutoka hapa bado saa moja na nusu, ila watu wamekipita bila kuguna, kwa kuwa nchini kwao foleni haigombwi, inakaliwa tu kama mvua ndefu ya Juni, mmoja anakula, mwingine anasinzia wima, na mbele yake Chinatsu, kiongozi wa kundi, amechuchumaa na masikio ya sungura ya bandia kichwani, Wakana amemlalia begani, na mbele yao Rurika anamlisha Misuzu bisi za karameli kutoka kwenye ndoo aliyoivaa shingoni, masikio yaleyale, manne ya aina moja, maana walipokuwa dukani Chinatsu alimuuliza, "Kozue, na wewe utavaa?" naye akajibu aah, mimi hayanipendezi, akingoja aambiwe yatakupendeza bwana, hebu jaribu, na Chinatsu akaenda zake kulipia manne. "Mwalimu Onodera je, ungekubali kuolewa naye?" anauliza Misuzu kule mbele, na Wakana anajibu, "Na lile jasho lake? Bora niolewe na hii ndoo," wanacheka, Kozue anacheka pia, amechelewa kidogo, kicheko chake kimebaki peke yake hewani na mama mmoja wa nyuma amemtazama... ni ada tu, amelelewa hivyo, kitu kizuri hukipokei mara ya kwanza, unakataa, mwenzako anasisitiza, unakataa tena kidogo, anasisitiza tena, ndipo unainamisha kichwa na kupokea, bibi yake kila vuli anapokea matunda ya jirani namna hiyo, pale mlangoni, jirani anasukuma kikapu, bibi anakirudisha, loo, hatustahili, kikasukumwa tena, mpaka chai ndani inapoa, na hakuna jirani aliyewahi kuondoka na kikapu chake, hata mmoja, kwa hiyo asubuhi kwenye mchezo wa mashua, wote walipotazamana na kunyamaza, naye akijua kwamba kunyamaza kule ni kwa ajili yake, alisema kwa adabu, "Mimi nitakaa peke yangu, msijali," akangoja, na Chinatsu akasema, "Kweli? Asante Kozue, umetuokoa," akageuka, basi, kikapu hakikusukumwa tena, mdomo ukamponza mwenye mdomo.

Na kwenye mchezo wa pili hakuulizwa kabisa, Wakana alimwambia mhudumu, "Huyu anapenda kukaa peke yake," akalisema kwa upole, kama mtu anayemtetea rafiki, ndivyo lilivyouma zaidi, maana ungemkasirikia kwa lipi, chuma cha kuzuia watu kikashuka juu ya mapaja yake na juu ya kiti kitupu, kikakibana vizuri kile kiti kana kwamba nacho kingeweza kudondoka, na gizani gari lilipozama alitupa mkono pembeni amshike mtu, akashika plastiki, yenye baridi, akapiga ukelele mdogo tu asisumbue, halafu kule wanakotokea picha zao zikaonekana ukutani, wale wanne wamekumbatiana wawili wawili, vinywa wazi, na yeye uso mkavu, "Mwone Kozue, hata haogopi," alisema Rurika, akimsifu... alitaka kutapika, lakini atamwambia nani, mwalimu Onodera, ambaye aliuliza darasani Kozue aingie kundi gani, na darasa likawa kimya mpaka ikasikika saa ya ukutani, na Chinatsu akasema, "Kwetu sawa tu, mwalimu," sawa tu, si njoo, sawa tu... au mama, aliyemfungia pipi za machungwa za kuwagawia wenzake, foleni ndefu ndiyo inayowazoesha watu, alisema mama, usichoke kugawa, naye amegawa, wamesema asante, wamemung'unya, pipi zimeyeyuka midomoni na maneno yameyeyuka nazo. "Jamani, huu ndio wa mwisho," anasema Chinatsu, "tukishuka ni basi, na nyumbani," na Kozue anatamani basi lichelewe, maana nyumbani ataulizwa, na shuleni atabaki kuwa yule anayependa peke yake mpaka wamalize, watu watamwachia kiti kitupu kila mahali kwa heshima, kwenye basi, kwenye sherehe, heshima tupu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba. "Sisi tukae mbele kabisa," anasema Wakana, "Kozue nyuma yetu, si ndiyo, Kozue?" na ndiyo iko ulimini, imekwisha kulowa, ni kuitema tu, ndiyo, msijali, haina neno, na mficha uchi hazai, lakini mtu anaufunuaje huo uchi hapa, mbele ya foleni yote hii iliyotulia...

"Sitaki," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyopanga. "Peke yangu sitaki. Naogopa. Tangu asubuhi naogopa."

Chinatsu alisimama. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Nilidhani utanikatalia."

"Sasa ningejuaje, wewe?" akasema Chinatsu, masikio yamemteleza, na Misuzu akasema polepole, "Sisi tulidhani tunakuchosha," na hakuna aliyecheka, mama wa nyuma akajifanya anasoma kibao, na Kozue angetaka ardhi ipasuke, haikupasuka, ila Chinatsu alinyoosha mkono katikati yao, "Haya, tukate shauri kwa mikono, wanaofanana ndio wanaokaa pamoja," ngumi, mkasi, kiganja, wakapiga, watatu kwa wawili, wakarudia, vurugu tupu, wakarudia, Chinatsu na Misuzu ngumi, Wakana na Rurika kiganja, na vidole viwili vya Kozue, mkasi, vimejitokeza peke yao kama vya mjinga... peke yake tena, angejua angeitema tu ile ndiyo... "Ai, pole, Kozue," akasema Rurika, na Wakana naye, "Pole jamani, na unavyoogopa," akamshika kiwiko, akasahau kukiachia, na Kozue akasimama palepale, foleni haijasogea, kiti kitupu kule juu bado kinamngoja yeye, hajapata kitu, ila kutwa nzima hakuna aliyempa pole, nani humpa pole mtu aliyepata alichotaka, na sasa wanajua kwamba hakukitaka, machozi yakamlengalenga, akasema, "Haina neno," na Wakana akasema, "Acha uongo wewe."